Nilitaka Kushinda Bila Kuguswa

Ndugu zangu, asifiwe Mungu asiyechoka na watu wenye wasiwasi! Mimi ni mmoja wao, kwa hivyo nitaanza na kosa langu la kwanza kabla sijaogopa: niliombea gemu. Nilipiga magoti chumbani kwangu hapa Machakos mjini, nikamwomba Mungu wa mbinguni anisaidie nishinde pigano la kwenye runinga bila kuguswa hata mara moja. Nikafunga, nisile hata chakula cha mchana!

Wengi wenu mnanijua kama fundi wa simu pale karibu na soko. Ufundi huo nilijifunza peke yangu, na aliyejifunza peke yake huogopa siku zote kwamba watu watagundua asichokijua. Simu nikishaitengeneza naifungua tena, naikagua, naifunga, naifungua. Mteja anasubiri, mimi natokwa na jasho. Mutua, jirani yangu wa kibanda, alipofungua chumba cha gemu, nilidhani nimepata pa kupumzika. Kumbe niliingia mle na ugonjwa wangu mgongoni.

Nilimchagua mpiganaji anayeitwa Ngao. Tulipokuwa watoto, Ngao alikuwa shujaa wa gemu ya zamani: kijana, kifua wazi, ngao inang'aa. Katika gemu mpya wamemchora upya. Amezeeka, anachechemea, ngao yake ina ufa, na nguvu zake haziamki mpaka apigwe kwanza. Mimi nilikataa jambo hilo. Nilimchezesha kama yule wa utotoni, nikikwepa kila pigo. Akiguswa tu, hata kama nashinda, nazima na kuanza upya.

"Buda, acha huyo mzee apigwe kidogo!" Mutua alinicheka. "Unamtembeza kama mbuzi ya Mwala imeona fisi!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi sikucheka. Kesho yake nilirudi.

Mama yangu anaishi huko huko Mwala, kijijini kwetu, na maji huyafuata mbali kwa punda. Yumo katika mwethya, kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Miaka mingi amebeba mawe kwenye mabwawa ya wengine. Hatimaye zamu yake ikafika: wangemjengea bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia maji ya mvua yabaki mchangani, kwenye kijito cha shamba letu. Aliuza mbuzi, simiti ikanunuliwa hapa mjini, nami nikapewa kazi moja tu, niipeleke kwa pikapu asubuhi. Na desturi mnaijua. Siku ya mwethya ya kwenu, mtoto wa boma ndiye anayepiga jembe la kwanza.

Dereva alichelewa kidogo. Nikaingia kwa Mutua kumngojea. Ndugu zangu, mlango wa kosa langu ulikuwa huo! Nikacheza, nikaguswa, nikaanza upya. Dereva akaja, akapiga honi. Nikamwambia angoje kidogo. Simu ya mama ikalia, nikaigeuza kifudifudi. Ikalia tena, nikaizima. Dereva akachoka, akaenda kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Na siku hiyo nilishinda. Bila kuguswa! Nikageuka nione nani ameona. Hakuna. Mutua alikuwa nje ananunua mahindi choma.

Nilifika Mwala mchana kwa bodaboda, mikono mitupu. Watu walikuwa wamengoja simiti mpaka jua likawa kali, kisha wakabeba majembe yao wakaondoka. Sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe waliyopikiwa, ilikuwa bado imejaa. Nilitegemea kugombezwa. Mama huniita baba, kwa sababu nina jina la baba yake.

"Kula, baba," akasema. "Nimewaambia uko mgonjwa."

Mama yangu! Mwanamke ambaye hata nilipokuwa mdogo hakuwahi kunidanganya kwamba sindano haiumi. Siku hiyo alisimama mbele ya majirani zake akasema uongo kwa ajili yangu. Mimi niliyetaka kuwa bila doa nilimpaka yeye.

Nilienda nyuma ya zizi nikalia. Sikuomba ushindi. Nilisema, "Yesu, nimekosa, na siwezi kurekebisha." Nadhani hayo ndiyo maombi yangu ya kwanza ya kweli. Sikuona mwanga wowote. Lakini moyo ambao ulikuwa ukikimbia tangu utotoni ulitulia, nikajua la kufanya.

Mwethya uliofuata ulikuwa kwa jirani yetu Mama Ndunge. Nikasimama mbele ya wote. Nikasema, "Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nacheza gemu. Mama alinisitiri tu."

Mama Ndunge akauliza, "Gemu? Ile ya watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulishinda?"

"Nilishinda."

"Haya, mshindi. Mawe ni yale pale."

Walicheka, ndugu zangu! Walicheka mpaka mama naye akajifunika uso kwa leso akicheka. Na mimi niliyeogopa kuchekwa kuliko kifo nikabeba mawe nikiwa mzima. Haleluya!

Lakini sitawaficha. Zamu yetu ilikuwa imeshapita. Mvua ikanyesha, kijito kikafurika, na maji yote yakapita mbele ya macho ya mama yakaenda zake. Mpaka leo anafuata maji kwa punda. Yesu amenisamehe, mama amenisamehe, lakini maji yale hayatarudi. Hilo naamka nalo.

Namshukuru Mungu, na ninawashukuru ninyi mlionivumilia. Wewe unayetetemeka hapo ulipo kwa kuogopa kukosea, usingoje mpaka uwe safi ndipo uje kwa Yesu. Njoo hivyo ulivyo! Mwamini. Hatakucheka, na watu wakicheka hutakufa.

Gemu nimeacha. Siku za mwethya niko Mwala kabla ya wengine, na nikikosea, nasema siku hiyo hiyo.