Nguzo Inayofuata Kioo

Mshonaji aliyekaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi alisikia kila neno, na wala hakujisumbua kujifanya hasikii. Mzee mmoja, fundi miwani mstaafu, alikuwa ameazima miwani ya binti aliyekaa kando yake, akawa anaipitisha polepole mbele ya nguzo ya basi, akiitazama nguzo kupitia kioo.

"Nguzo inafuata kioo kinakoenda. Mwanangu, wewe huoni mbali."

"Kweli, baba. Na leo naenda kuanza shahada ya uzamili ya mambo hayohayo, mwanga na lenzi."

"Miaka miwili kusomea hili? Mimi na marehemu mke wangu tulisaga lenzi kwa mkono. Yeye anamwaga maji, mimi nazungusha. Tukimaliza, tunaipitisha hivihivi mbele ya fremu ya dirisha kuipima, basi."

"Lakini kwa nini nguzo inafuata, baba?"

Mzee alimrudishia miwani. "Miaka arobaini," akasema, "hatukuwahi kuulizana."

Binti akaivaa miwani yake ili aanze kueleza, basi likasimama chuoni, akashuka mbio.

Mzee alibaki akitazama nguzo. Mshonaji aliuona mkono wa mzee ukizunguka taratibu juu ya goti, kana kwamba kuna mtu bado anamwaga maji.