Kabla Ferista Hajauza Sauti Yake: Risala ya Wasoma Matangazo wa Mpemba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mchungaji, ndugu wananchi wa mji wetu wa Mpemba mliofika:

Sisi wanachama kumi na mmoja wa Kikundi cha Wasoma Matangazo Mpemba tunakushukuru kwa kuja kufungua chumba chetu cha kurekodia. Tunajua umealikwa kukata utepe, si kusikiliza malalamiko. Utepe upo. Lakini kwa kuwa umekwisha kaa na umeme bado haujarudi, tunaomba utusikilize kwanza.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2018 tukiwa watano. Mimi ninayesoma risala hii, Efraimu Simbeye, nilikuwa nikisoma matangazo ya kanisa na ya chama cha kahawa kule Ihanda, kazi niliyoipata baada ya kumaliza madarasa ya jioni ya watu wazima. Lwitiko, fundi simu, ndiye aliyetuonyesha kwamba katika mtandao kuna masoko ambako mtu wa mbali hutafuta msomaji wa Kiswahili, wasomaji hutaja bei zao, naye huchagua mmoja na kumlipa. Hatukuamini mpaka fedha zilipoingia. Kwa kusoma maneno elfu moja tulilipwa dola thelathini.

Tulisoma matangazo ya sabuni, masomo ya afya ya mama na mtoto, na maelezo ya kufunga pampu za maji. Kwa kuwa barabara kuu iko hatua sitini kutoka hapa, Mama Marita huketi nje ya mlango akiwa na kitambaa chekundu. Lori likianza kupanda, anakiinua, sisi ndani tunanyamaza. Likishapita anakishusha, tunaendelea na sentensi. Mheshimiwa, kuna kitabu kizima cha ufugaji wa kuku kilichosomwa hivyo, kati ya lori na lori, na mwenye kitabu alituandikia kwamba hajawahi kusikia usomaji uliotulia namna hiyo.

TULIYOYAFANYA

Magunia ya kahawa unayoyaona ukutani na trei za mayai zilizoko darini ndiyo dawa ya mwangwi. Kipaza sauti kile tulikinunua wenyewe. Wanachama wanne wamepaua nyumba zao kwa bati kwa kazi hii. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Nakonde, upande wa Zambia, bado huvuka mpaka kuja kwetu kusomewa tangazo lake, na huwa ananiita babu kwa lugha ya kwao na kuniambia, "Bashikulu, ukisoma wewe, hata mahindi yangu yenye fukusi yananunulika." Tunamshukuru, ingawa hatupendi sana sifa hiyo.

YANAYOTUSUMBUA

Hapa ndipo tunapochoka, na utuwie radhi tukirefusha.

Dola thelathini zilishuka zikawa kumi na tano, zikawa nane. Leo kazi ileile inatangazwa kwa dola tatu, na katika hizo tatu soko linakata lake, anayebadilisha fedha anakata lake. Mteja analipa dola tatu na anaagiza turudie mara tisa: "Ongeza furaha kidogo." Tumeongeza furaha mpaka imetuishia. Wengine huomba sampuli ya bure. Mwaka jana wanachama wetu sita waliombwa sampuli na mteja mmoja, kila mmoja aya yake. Tulipoziweka pamoja tukakuta ni tangazo lote, na hakuna aliyelipwa.

Lakini hatutasema kwamba kosa lote ni la watu wa mbali. Lipo kosa letu, na tumekubaliana lisomwe.

Katika soko lile bei ya kila mmoja inaonekana, ila jina linaloonekana ni la kibiashara. Siku moja mchana ilitangazwa kazi kubwa ya masomo ya afya. Tulikuwa humu ndani watu watano, kila mtu ameficha simu yake kifuani. Bei ya kazi yote ilianzia dola themanini. Ikashuka sitini. Ikashuka arobaini na tano. Tumpale, ambaye ni mwalimu wa chekechea, akasema kwa sauti, "Huyu anayejiita Simba wa Redio ni mtu wa wapi? Hana haya. Kashusha tena."

Bei ikazidi kushuka. Ilipofika dola tisa, Simba wa Redio akapewa kazi, na simu iliyolia ilikuwa ya kwangu.

Lwitiko alinitazama, akasema, "Baba, kumbe shetani wetu tunakunywa naye chai."

Walicheka sana. Mimi sikucheka. Tulipofungua simu zote mezani tuliona kwamba katika soko zima hakuna mtu wa nje aliyeshindana nasi siku ile. Themanini mpaka tisa tuliishusha wenyewe, ndani ya chumba kimoja, tumepeana mabega.

Siku hiyohiyo tuliweka bei ya chini. Hakuna mwanachama kusoma maneno elfu moja kwa chini ya dola ishirini, na kazi ikitokea, mmoja tu ndiye anayeiomba, kwa zamu, kama tunavyopeana zamu ya kupaliliana mashamba. Hakuna aliyevunja agano hilo mpaka leo. Na mpaka leo, wiki ya kumi na moja, hakuna aliyepata kazi mtandaoni. Soko limejaa wanaokubali tatu, na mashine zinazosoma bila kulipwa chochote.

Mheshimiwa, sasa tunafika kwa Ferista.

Ferista Nzunda ni msomaji wetu bora kuliko wote, na wote tunalijua hilo. Wiki iliyopita aliandikiwa na kampuni iliyomsikia katika soko lilelile. Wanataka asome sentensi elfu nne, wamlipe dola mia mbili na hamsini mara moja. Baada ya hapo sauti yake ni mali yao. Mashine yao itasoma chochote kwa sauti hiyo, milele, na yeye hatadai. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Tulimwita kikao. Tulimweleza kwamba akitia sahihi, sisi sote tutashindana na Ferista asiyekohoa, asiyechoka na asiyekula, na yeye mwenyewe atakuwa mmoja wa watakaoshindwa naye. Nilimkumbusha agano letu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Baba Simbeye, bei yenu ya chini imenitunzia heshima wiki kumi na moja. Sasa mnielekeze, heshima hiyo inapikwa kwa muda gani mpaka iive?"

Sisi wengine wote kumi tulikuwapo katika kikao kile. Mimi ndiye mwenyekiti, nikafunga kikao.

OMBI LETU

Tulikuwa tumeandika maombi saba, likiwemo la kiyoyozi. Tumeyafuta sita.

Katika mji huu na vijiji vyake yapo matangazo kila wiki: chanjo, minada, usafi, kodi, kufungwa kwa maji. Wanaopewa zabuni ya kuyarekodi huyapeleka katika masoko yaleyale ya mtandao, kwa yule wa bei ndogo kuliko wote. Tunaomba matangazo ya wananchi wa hapa yasomwe na watu wa hapa, kwa bei moja iliyoandikwa na inayojulikana, na kazi ya kwanza apewe Ferista. Hatuombi msaada. Tunaomba kazi tunayoiweza, kwa bei ambayo mtu mzima anaweza kuitaja mbele ya watoto wake.

Ferista yupo. Ameketi safu ya pili, mwenye kitenge cha kijani. Risala hii ilikuwa isomwe naye, maana angeisoma vizuri kuliko mimi. Tulipomwomba aliuliza, "Mnalipa?" Kisha akanirudishia karatasi.

Leo ni Jumatano. Ukisimama kujibu, Mheshimiwa, usitujibu sisi. Mjibu yeye.

Mwenyezi Mungu akutunze njiani, aitunze nyumba yako, na akupe neno la kumwambia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasoma Matangazo Mpemba, wanachama kumi na mmoja hadi Ijumaa.