Chokaa ya Kwenye Kope

Mbele ya kibanda cha kutengenezea redio pana benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, na wanaolijua hawakai upande ule. Asubuhi hiyo walikaa watatu na kahawa zao: Betri, mwenye kibanda; Wakili, mpagazi wa sokoni ambaye mahakama anaijua kwa nje tu; na Brashi, fundi rangi, aliyetoka hospitali kupimwa macho. Kwenye kope zake vilikuwa vimeota vipunje vyeupe, vigumu kama mchanga. Daktari kavitazama, kasema ni chokaa imejikusanya ndani ya ngozi. Brashi alikuwa akitaniana na wenzake, lakini moyoni hana raha. Kesho alikuwa aanze kupaka dari la ukumbi mkubwa, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima, na macho ndiyo mtaji wake.

— Hapo hakuna fumbo, alisema Wakili. Umepaka madari miaka yote, uso juu, mdomo wazi. Ulitaka chokaa imdondokee nani, mimi?

— Siku hizi napaka rangi ya mafuta.

— Ile ya zamani ilijificha. Ilikuwa inakusubiri uzeeke.

Betri akapuliza kahawa yake.

— Hapana, hiyo ni ya maji. Tazama birika la nyumbani, ndani limeshika ukoko mweupe. Sasa huyu mwenzetu ana hasira za karibu. Machozi yanamchemkia humo humo jichoni, yanaacha ukoko.

— Kwa hiyo mimi ni birika?

— Birika lina faida, linatoa chai.

— Mimi naogopa usingizi, alisema Wakili. Chokaa ikipata unyevu inashika. Leo unafumba macho, kesho tunakuja na patasi.

— Na msasa, tumalizie vizuri, alisema Betri. Ile kazi ya ukumbi mwachie mwingine, ndugu yangu. Dari moja tu tena, unakuwa ukuta.

Brashi alicheka kidogo kuliko wao. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele yao. Akatoa simu ampigie fundi mwenzake amwachie kazi. Hapo hapo akatokea mkewe, kikapu mkononi, anatoka sokoni.

— Karibu, shemeji, alisema Wakili. Tunamwokoa mumeo. Daktari kasema ana chokaa kwenye kope, basi tumemwachisha kazi.

Mkewe akaweka kikapu chini, akamshika Brashi kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga na kuzitazama zile kope taratibu.

— Daktari ndiye aliyesema uache kazi?

— Alisema chokaa. Niliposikia chokaa, nikachukua kofia yangu nikatoka.

— Kabla hajamaliza?

— Alikuwa bado anaongea. Nilimsikia mpaka mlangoni.

— Alikuwa anasema nini?

Brashi akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Betri. Betri akainua kikombe, akakikuta kitupu, akanywa hivyo hivyo. Ikabidi Brashi arudishe simu mfukoni na kumfuata mkewe, ambaye alikuwa ameshashika njia ya hospitali.