Dkt. Celine Apondi Okeyo na Nukta Kando ya Nyota

Dkt. Celine Apondi Okeyo alizaliwa tarehe 9 Juni 1985 Mashimoni, Kibera, kifungua mimba wa Mama Mildred, muuza dagaa wa omena huko Kisumu Ndogo, na marehemu Mzee Obonyo Okeyo. Alikuwa mtoto mwoga. Moto ulipoteketeza nyumba za majirani mwaka 1992, alianza kulala na viatu miguuni, na hakuacha hadi darasa la sita. Mama alipomkemea alijibu, "Mimi sitaki kutafuta viatu nikikimbia."

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kibera na sekondari Siaya, ambako kwa kuogopa kufeli alikagua kila hesabu upya hata baada ya kengele kulia. Alihitimu fizikia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kisha akapata shahada ya uzamifu Ujerumani mwaka 2014.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa kanisani Kawangware na Ishmael Kagiri. Jamaa za pande zote mbili waliogopa ndoa hiyo, kila upande kwa sababu zake, ambazo leo hatuna haja ya kuzitaja. Walijenga maisha yao Riruta, na mwaka 2018 Mungu akawajalia binti, Angeline.

Kazi yake ilikuwa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, katika picha zilizopigwa kwa darubini kubwa za milimani Chile. Mama mkwe wake, Mama Wakarima, alipouliza kazi hiyo ni gani, Celine alimtoa nje usiku, palipowaka taa kubwa ya mtaani.

"Mama, mtu akisimama kando ya ile mulika mwizi, humwoni, mwanga unakuumiza macho. Sasa ziba taa na kidole."

"Nimeziba."

"Sisi tunaziba nyota hivyo, tuone kama kuna kitu kando yake."

"Na kama hakuna? Kama ni macho yako tu?"

"Hiyo ndiyo hunikosesha usingizi, Mama."

Mei 2022, kando ya nyota moja, nukta ilionekana. Wenzake walitaka kutangaza. Celine alikataa. Huenda ilikuwa nyota nyingine, iliyo mbali sana huko nyuma. Alitaka picha ya pili baada ya mwaka: sayari ingesafiri pamoja na nyota yake, lakini nyota ya nyuma ingeachwa. Oktoba mwaka huo madaktari wakamkuta na saratani ya damu, na kungoja kukageuka kuwa mateso.

"Si utangaze tu?" Ishmael alimwambia. "Wakikupinga, utawajibu baadaye."

"Baadaye nitakuwa wapi, Ishmael?"

Picha ilifika Juni 2023. Celine alikaa kitandani na kompyuta magotini, asiifungue, hadi chai yake ikapoa. Ishmael aliketi kando yake.

"We fungua tu."

"Nishike kwanza."

Nyota ilikuwa imesogea. Nukta ilikuwa imeachwa nyuma. Haikuwa sayari.

Alilia sana. Kisha, kabla ya jioni, akawaandikia wenzake yeye mwenyewe: waiache, darubini ielekezwe kwingine. Matibabu yakampa nafuu, akarudi kazini, akaendelea kukagua nyota moja baada ya nyingine.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mdogo wake Billy, anayewasomea maneno haya, alipokwenda kumwona hospitalini alijaribu kumtia moyo.

"Wewe umekuwa jasiri, dadangu."

"Usiende kuwaambia watu hivyo," Celine alisema. "Naogopa, Billy. Nimeogopa kila siku. Sema hivyo."

Basi imesemwa. Aliaga dunia tarehe 3 Machi 2025, adhuhuri, mumewe akiwa amemshika.

Ameacha mume, Ishmael, binti, Angeline, mama mzazi, Mildred, mama mkwe, Wakarima, na wadogo zake, Billy na Eddah.

Bwana amlaze Celine penye utulivu.