Kinasaba cha Pande Mbili: Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza kwa Daktari Bushra

Mgeni rasmi, Daktari Bushra Iqbal, bingwa wa magonjwa ya damu, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: tunawasalimu kwa heshima, na kwa wakubwa zetu wote, shikamooni.

Karibu

Tumeona gari lako limeshindwa kupanda mawe ya kilima chetu, nawe ukashuka, ukaja kwa miguu. Pole sana, na asante kwa kutogeuzia njiani.

Tulikoanzia

Somo la vinasaba tulilipokea kama la kukariri ili tupite mtihani. Siku ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, Mwalimu Dorcas alichora ubaoni baba na mama, wote wazima, kila mmoja akiwa amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa bila kujua. Akaeleza kwamba mtoto huumwa akikipokea kutoka kwa wote wawili, na kwamba katika kila mimba uwezekano huo ni robo.

Mwenzetu Ajwang, binti wa familia ya wavuvi wa Rorya, akasimama.

"Mwalimu, kwa hiyo mama peke yake hawezi kumpa mtoto selimundu?"

"Hawezi. Lazima na baba awe ametoa."

Ajwang akakaa, akajifunika uso kwa koti lake la maabara, akalia. Kipindi kiliishia hapo.

Ameturuhusu tueleze sababu. Wadogo zake wawili walifariki wangali watoto, kwa maumivu ya mifupa na kupungukiwa damu. Ukoo ukasema mama yao, Adongo, ana damu mbaya. Mumewe, mzee Ojuok, akamfukuza. Tangu hapo mama anaishi kwa dada yake Misungwi, analima mpunga. Hata makaburi ya wanawe alikatazwa kuyafikia.

Tulichofanikisha

Likizo ilipofika, Ajwang alikwenda Rorya pamoja na mwenyekiti wetu, Msafiri. Mzee Ojuok aliwasikiliza, kisha akasema, "Mimi sijawahi kulazwa hata siku moja. Hayo maradhi ningeyatoa wapi?"

"Ndiyo maana naomba upime, baba. Anayebeba kinasaba kimoja haumwi."

Alikataa. Lakini asubuhi ya safari yao ya kurudi chuoni walimkuta mlangoni amevaa shati lake la kanisani, anawasubiri. Alipimwa hapa Mwanza, na jibu likawa kwamba anabeba.

"Kwa hiyo," alimwuliza binti yake, "nilimfukuza mama yako kwa kitu ambacho na mimi ninacho?"

Ajwang anasema alimshika mkono.

Mzee akaenda Misungwi kuomba msamaha. Mama Adongo alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Ajwang, nimekusikia. Lakini mimi nilisemwa mbele ya watu. Wewe unakuja kunisafisha jikoni?"

Mzee akarudi Rorya, akaita ukoo, akasema mbele yao kwamba ugonjwa ule ulitoka kwake pia, na kwamba alimwonea mkewe. Wengine waliinuka wakaondoka. Yeye aliendelea kusema.

Mama Adongo hajarudi kwenye ndoa, wala sisi si watu wa kumwuliza. Lakini Pasaka iliyopita alikwenda Rorya, akapalilia makaburi ya wanawe, na hakuna aliyemzuia.

Baada ya hapo tulianza kuzungumza na kina mama wanaoleta watoto kliniki Mkuyuni na Mabatini. Swali lao la kwanza huwa moja: "Kosa ni la nani?" Tunawajibu kwamba hakuna aliyekosa.

Changamoto

Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na tukitoka darasani tunahangaika kupata maneno ya kumwambia mzazi. Kipimo tunakijua kwa picha. Wengi wetu hatujakigusa. Watoto wengi wanatoka wodi ya wazazi bila kupimwa, na ugonjwa unagundulika mtoto akiwa tayari ameteseka. Na tumeona majibu yakitolewa kwenye korido, mama amesimama peke yake na mtoto mgongoni, watu wakisikia.

Maombi

Tunaomba vifaa vya kujifunzia kupima. Tunaomba utusemee huko uliko, watoto wa kanda hii wapimwe wanapozaliwa na waanze matibabu mapema. Tunaomba chumba chenye mlango, hata kidogo, cha kuzungumza na wazazi.

Daktari, ombi la mwisho halihitaji kifaa chochote. Majibu ya mtoto yasisomwe kwa mama peke yake. Baba aitwe, apewe kiti, wasikie wote wawili kwa wakati mmoja.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, aibariki mikono yako na kila mtoto itakayemgusa.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza,
Chuo cha Afya Nyamalele, Mwanza.
Imesomwa kwa niaba yao na Sada Muharami.