Mama Kebo na Kikomo Kilichosahaulika

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuuhudumia mtandao wa chuo chetu, Mama Kebo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida ameniomba mimi niandike, na hakukosea: chumba kizima cha seva hakuna mwenye kalamu tamu kunizidi, ingawa shule niliiacha njiani.

Aliajiriwa kupokea simu mapokezi. Siku moja simu zote zikafa na fundi hakuja; akaingia chini ya meza na bisibisi, akazifufua. Mapokezi hakurudi tena. Ndiye aliyevuta kebo ya kwanza ya mtandao kupita darini, akiwa na mimba ya miezi sita. Miwani huitafuta ikiwa kichwani mwake. Chai huisahau juu ya kabati mpaka inapoa, halafu lawama tunapewa sisi.

Nisifiche: nimemwonea wivu tangu nifike hapa. Mhasibu hunipita kama nguzo na kuuliza, “Mama yupo?” Mimi niliyemuunganishia kompyuta! Mpishi wa kantini humkatia kipande cha keki cha pembeni, chenye sukari nyingi. Mimi hupewa cha katikati.

Wivu ulinipanda hasa mwaka juzi, siku tatu kabla ya mitihani ya mtandaoni. Wanafunzi walipotoka likizo na kuingia mtandaoni wote, spidi ilishuka ikawa ya kinyonga. Nikaishuku faiwoli yetu, yaani mlango unaokagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni. Si kifaa cha kushika mkononi. Ni mashine pepe, kompyuta inayoishi ndani ya seva kubwa. Nikaapa mbele ya mkuu wa idara kwamba nitaitengeneza peke yangu. Barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa mezani kwake, haijasainiwa. Siku mbili nilipekua kanuni zote za kugawa spidi, nikazizima moja moja, nikaiwasha faiwoli upya mara kumi na tisa. Wapi!

Mama Kebo akavuta kiti. “Mwanangu, umekagua mabomba yote ya ndani. Koki ya nje umeitazama?” Akatoka kwenye faiwoli, akafungua mipangilio ya seva yenyewe, mpaka kwenye kadi ya mtandao ya ile mashine pepe. Kikomo kilikuwa pale: megabiti tano tu kwa sekunde, kwa chuo kizima. Akakiondoa, mtandao ukafyatuka. Ofisi nzima ikampigia makofi. Mimi nilipiga kwa ncha za vidole.

Wasichokijua: kikomo kile nilikiweka mimi wiki moja kabla, wakati wa likizo, nikifanya majaribio yangu, nikasahau kukitoa. Seva huandika jina la kila anayegusa mipangilio. Alilisoma, nilimwona. Lakini kwenye daftari la matukio akaandika hivi tu: “Kikomo kilisahaulika. Kimeondolewa.” Barua yangu ilisainiwa wiki iliyofuata.

Juzi alinikabidhi daftari hilo. Nimeufungua ukurasa ule, nikajaza jina langu kwa wino, herufi kubwa. Mkuu akisoma jarida hili anajua pa kunipata.

Mama, asante kwa miaka yote, na kwa sentensi ile fupi. Sote tunakuombea mapumziko mema, afya tele, na chai inayonyweka ikiwa moto. Ila kile kipande cha keki cha pembeni, kuanzia Jumatatu, ni changu.