Mama Rudia na Figo Niliyoiandikia "Uchafu"

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu, Mama Rudia anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo lilitokana na neno lake moja: ukimpelekea majibu yenye mashaka, husema "rudia", kisha huendelea na kazi yake. Aliingia kama mwosha chupa, akasoma akiwa kazini, akafika kuwa mkuu wa maabara. Amefundisha watu ishirini na mmoja. Aliyemchosha kuliko wote ndiye anayeandika hapa.

Ushahidi uko kwenye shajara yangu. Miaka kumi na miwili iliyopita, tarehe 4, 6 na 9 Machi, nilipima mkojo wa fundi cherehani mwenye kisukari, aliyelazwa kwa homa kali na maumivu ya ubavu. Mara zote tatu niliona fangasi. Mara zote nikaandika "uchafu wa chombo", kama tulivyozoea. Tarehe 9 nikajisifu chini yake: "Kazi safi leo."

Dawa za bakteria hazikufua dafu. Figo moja iliziba, madaktari wakapanga kuitoa kesho yake. Mama Rudia akapitia daftari la majibu, akaniita.

"Mwanangu, vyombo vitatu, vyote vina uchafu uleule?"

Nikamweleza kwa kirefu, tena kwa maneno magumu.

"Umemaliza? Haya, twende wodini."

Alimwomba daktari avute mkojo kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye figo, mahali ambapo hata mimi nisingeweza kusingizia chombo. Fangasi walikuwa tele. Upasuaji ukasitishwa. Mgonjwa akawekewa mrija mgongoni, figo ikasafishwa kwa dawa ya fangasi, mabonge meupe yakatoka, kisha akameza vidonge kwa wiki kadhaa. Figo ikabaki mahali pake.

Alipopona, fundi, aliyekwisha kusikia habari ya majibu yangu, alitushonea makoti ya kazi. Akinikabidhi langu, alisema, "Hili nimelifua mara tatu, mtaalamu. Usije ukaliandikia 'uchafu'."

Tangu hapo, fangasi wakionekana mara mbili kwa mgonjwa mmoja, tunapiga simu wodini kabla ya kuandika lolote. Utaratibu ni wa Mama Rudia. Kosa lililouzaa ni langu.

Mama, asante kwa kunisahihisha bila kuniaibisha. Kazi ya kuniaibisha uliniachia mwenyewe, na leo nimeitimiza. Nenda nyumbani kwa furaha, na siku zako ziwe nyingi na zenye afya.